Bi Barafu na Makondo ya Akina Mama Wenye Mzio

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, fundi wa maabara ya wodi yetu ya wazazi anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Sisi wenzake tunamwita Bi Barafu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila ndoo yake ya barafu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa furaha. Nitajaribu.

Alianza kwa kuosha vyombo vya maabara, akasoma jioni, akapanda ngazi kwa jasho lake. Miaka ya mwisho aling'ang'ania swali moja: mama mwenye mzio, yule anayepiga chafya kwa vumbi au kuvimba midomo akila karanga, je, seli za kinga ndani ya kondo lake la nyuma ni tofauti na za mama mwingine? Na kama ni tofauti, mtoto anaathirika vipi kabla hajazaliwa?

Swali hilo linataka kondo bichi, na kondo lina mwenyewe. Bi Barafu hakutuma mtu kuomba. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha kila mama kabla uchungu haujakolea, naye akipiga chafya, maana vumbi humwonea kweli, akasema: "Mwanangu, pua zetu hizi ndugu. Nipe, nitalitunza." Wakacheka, wakampa. Mtoto akilia tu, Bi Barafu keshatoka mbio na ndoo, na ole wako uwe umesimama kwenye korido.

Ijumaa iliyopita umeme wa ukumbini ulileta hitilafu, hivyo utawala ukaleta friji ya soda za sherehe hii maabarani. Wakachomoa friza ya sampuli, yenye makondo yote, wakachomeka soda. Jumatatu tulikuta maji sakafuni na harufu ya kuoza. Hakuna kondo hata moja lililosalimika. Mkuu wa utawala alijitetea kwamba alichungulia ndani akaona hamna chakula.

Nimekasirika, na sioni haya kusema. Heshima gani hii, kumpikia mtu karamu kwa kuni za paa la nyumba yake? Yeye hakugomba. Aliuliza tu ni nani atakayewaambia akina mama.

Dada yetu, ahsante kwa kila kitu. Tunakuombea afya, umri mrefu na mapumziko yasiyo na vumbi. Nanyi wageni, kuleni, kunyweni, ila msimngoje. Yuko kliniki ya watoto, kwenye benchi, anawaomba akina mama radhi mmoja mmoja kwa kosa ambalo si lake.