Chandarua cha Bandani

Kabla basi halijafika njia panda, fundi cherehani alikuwa ameshadonolewa goti mara mbili. Akamgeukia jirani yake, mwenye tenga la kuku. "Kaka, kuku wako wamenona! Unawapeleka wapi?"

"Sokoni, dada. Mama watoto na wanangu wako hoi kwa malaria, nami nimeinuka juzi tu. Palizi imetupita, shamba lote magugu. Hela ya dawa itatoka wapi kama si kwa hawa?"

Fundi akampa pole. Ndipo jicho lake la kazi likatua juu ya tenga. Wavu uliolifunika haukuwa wavu, ulikuwa kipande cha chandarua.

"Nyumbani mnalalia kipi?"

"Tulipewa kimoja tu. Nimekifunga bandani, hiki ni kipande kilichobaki. Mwewe alikuwa anatumaliza."

"Na sasa?"

"Hajachukua hata kifaranga!" alijibu, kifua mbele.

Fundi alimeza maneno makali matatu, akatoa moja la upole. "Basi ukishauza hawa, kile cha bandani kawafungie watoto."

Basi likasimama sokoni. Mwenye tenga akajitwika mzigo wake, akamtazama fundi kwa huruma. "Dada yangu, malaria ina dawa. Mwewe ana dawa?"