Mwalimu Aliyepitisha Moto Hadi Ndani ya Seli

Tarehe 2 Julai 1995, Mama Ngoy Adolphine, mwalimu mwenzetu wa biolojia, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Nusu ya Kalemie imepita mbele ya ubao wake: waganga wa hospitali, wauguzi, hata nahodha mmoja wa bandarini ambaye mpaka leo anavua kofia akimwona.

Alianza na vyura na mihogo. Kisha padri rafiki yake akamletea magazeti ya sayansi kutoka Ulaya, na Mama akapata ugonjwa mpya: kinasi, zile protini zinazopitishiana ujumbe ndani ya seli! Tukinywa chai, kinasi. Tukienda matanga, nusura kinasi. Sisi walimu wa hesabu tulikuwa tunamkimbia, tuseme ukweli.

Mwaka 1989 mambo yakaharibika. Mkaguzi, Papa Banza, alikuja kuifunga seksio, yaani mchepuo, ya biolojia na kemia, kwa kuwa hatukuwa na labo, chumba cha majaribio. Mama akamwomba somo moja tu. Akawapanga wanafunzi uani, kila mmoja na mbabula yake, jiko dogo la makaa kutoka kwao. Homoni, akaeleza, inabisha hodi kwenye utando wa seli. Kinasi ya kwanza inawaka, inampa jirani kaa la moto, yaani fosfati, naye anampa wa tatu, mpaka ndani kwenye kiini. Huko amekaa mpishi na sufuria yake: ni ile protini inayoamsha jeni. Asipoletewa moto, hapiki kitu. Na anayetoa kaa, mbabula yake haizimiki.

Moto ukaenda vizuri hadi kwa Germain, ukakwama. Germain akaikinga mbabula kwa mikono: kwao mama yake amejifungua juzi, na nyumba yenye mutoto muchanga haitoe moto! Ee Mungu wangu! Sufuria baridi, Mkaguzi anafunga kalamu. Tulijua seksio imekwenda na maji.

Mama akacheka. Akamshukuru Germain: njo hivyo hasa, kinasi moja ikigoma, mpishi yuko, sufuria iko, lakini jeni inalala. Akamweka mwanafunzi mwingine, Emilie, mahali pake, moto ukapita, bukari, ugali wetu, ikaiva. Papa Banza akaomba sahani, akaongeza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akaandika kwamba seksio ibaki. Tulishangilia mpaka sokoni wakasikia!

Septemba, atakayeshika darasa la Mama ni Germain mwenyewe, mwalimu mwenzetu tangu 1992. Mama amemwachia mbabula yake kwa sharti moja: autoe moto. Yule mutoto muchanga naye anaingia la kwanza mwaka huu, kwa hiyo udhuru umekwisha.

Asante sana, Mama Adolphine. Nenda Mpala, kule kando ya ziwa, ule samaki, uwachoshe majirani kwa kinasi. Tunakuombea maisha marefu na mema. Umetugawia sote, na mbabula yako bado inawaka.