Historia ya Marehemu Tsige Wendimu, Aliyesali Ameketi

Ndugu waombolezaji, kabla ya tarehe na mahali, Askale Wendimu, dada mkubwa wa marehemu, aliyeyaandika haya na kuomba yasomwe kama yalivyo, anakiri kwamba mwaka 1998, kwa kalenda yetu ya Ethiopia kama tarehe zote humu, asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Tekle Haimanot, aliificha fimbo ya mdogo wake, ile ya kuegemea kanisani tunaposali tumesimama, ili watu waone mwombezi wao atasimama kwa miguu gani.

Marehemu Tsige alizaliwa tarehe 12 Tahsas 1946, hapa Debre Berhan, akiwa mtoto wa pili wa mzee Wendimu na mama Aselefech, akasoma hadi darasa la sita, akaajiriwa katika kiwanda cha mablanketi mwaka 1963, akafunga ndoa na Mengesha Alemu tarehe 20 Tir 1966, wakajaliwa watoto watatu, wakati Askale, aliyeolewa miaka minne kabla yake na kufunga mifungo yote, hakujaliwa hata mmoja.

Wanajumuiya wa mtakatifu huyo, wanaokutana kila tarehe 24 ya mwezi, siku yake, wakishamaliza mkate na bia ya shayiri walimgeukia Tsige, "Mama, nitajie mwanangu kwenye sala zako," na hakuna aliyemgeukia Askale, aliyekaa papo hapo, anayejua zaburi nyingi kuliko wote, jambo lililomchoma.

Siku ile ya fimbo, marehemu, ambaye nyonga ilikuwa imeshaanza kumsumbua, aliitafuta kidogo, akaketi sakafuni karibu na ukuta, akaendelea kusali, naye Askale akasimama wima tangu alfajiri bila kuegemea kitu, akijifananisha na mtakatifu aliyesimama pangoni miaka mingi akisali mpaka mguu ukakatika, hata jirani yake Zewditu akamnong'oneza, "Wewe, umekuja kusali au kushindana na nguzo?", na kabla ya komunyo magoti yakamsaliti, akaanguka mbele ya wote.

Marehemu ndiye aliyemkanda miguu kwa maji ya chumvi, Askale akamuuliza kwa hasira, "Unamwambia nini Mungu hata akusikilize wewe tu?", naye akajibu, "Dada, mara nyingi sina la kusema, nakaa tu, siku nyingine hata nasinzia," kisha akasema, "Mguu wa Tekle Haimanot ulipokatika hakuondoka, basi, na mule pangoni hapakuwa na mtu wa kumtazama."

Askale alimrudishia fimbo, lakini wivu haukwisha, ulizidi, maana kila alipojaribu kukaa kimya hivyo alijikuta anachungulia nani anamwona.

Maradhi ya figo yalimwanza marehemu mwaka 2013, akalazwa mara kadhaa Addis Ababa, akafariki nyumbani tarehe 3 Meskerem 2016, Askale akiwa amemshika mkono, na hata saa ile akimwonea wivu kwa uso ule uliotulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na mapadre wetu. Tsige, Mungu akupumzishe kwa amani.

Askale ana ombi moja, kwamba jina la ubatizo la marehemu, Welete Selassie, mtalitaja kwenye sala siku hizi arobaini, na la Askale mwenyewe ni Amete Maryam, basi mkimtaja mmoja, tafadhalini, mtajeni na wa pili.