Dada Yetu Aliyeandika ili Aelewe

Ndugu, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, asanteni. Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Somo, alizaliwa Machi 14, 1961, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli.

Alianza shule mwaka 1968. Kumbukumbu yake ilikuwa kali kiasi kwamba alipata alama zote za hesabu bila kuelewa kitu, mpaka mwalimu wa darasa la sita alipombadilishia namba ubaoni, akakwama mbele ya wenzake. "Umekariri, binti yangu," mwalimu alimwambia kwa upole. "Sasa njoo tuanze kuelewa." Kisa hicho alikisimulia maisha yake yote, akijicheka. Alimaliza sekondari mwaka 1978.

Mwaka 1980 aliajiriwa hospitalini, karani wa masjala. Kompyuta zilipoingia mwaka 1994, wenzake walizifunika vitambaa zisipate vumbi. Yeye alijifunza kuziandikia programu, na ndiye aliyeandika ile ya kutafutia mafaili ya wagonjwa. Siku moja karani mpya alimwuliza, "Dada, hii inajuaje faili ni la nani?"

"Nipe mpaka Ijumaa," akasema.

Akaketi kuandika maelezo, hatua kwa hatua, kwa ajili ya mtu asiyejua lolote. Alipofika mahali pa kutoa mfano, akaweka majina ya mapacha wa mdogo wake, yaani mimi ninayewasomea maneno haya. Mabinti zangu wana jina moja la ukoo, tarehe moja ya kuzaliwa, na majina yao yanaanza na herufi ileile. Kompyuta ikamletea faili moja kwa wote wawili. Mmoja wao sindano ya penisilini ingeweza kumuua; mwenzake haimdhuru. Dada hakumaliza hata sentensi aliyokuwa akiiandika. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari mkuu: "Kosa ni langu. Naomba tuizime leo." Kwa siku tisa masjala ilirudi kwenye karatasi, watu wakanung'unika, naye akarekebisha. Hakuna mgonjwa aliyedhurika. Kwa hilo tunashukuru hadi leo.

Tangu hapo hakukubali kwamba anajua jambo mpaka aliandike. Aliandika masomo 214 ya kutengeneza programu, akayaweka mtandaoni yasomwe na yeyote. Ukimsifu kwa ukarimu alikukatiza: "Ukarimu gani? Najifundisha mwenyewe; nyie mnachungulia daftari langu tu."

Alikuwa ameolewa Agosti 6, 1988, na seremala, shemeji yetu, ambaye mpaka leo kompyuta haijui, na ndiye aliyekuwa msomaji wake wa kwanza. Alisomea karakanani, na mahali alipopotea alichora mstari kwa penseli. Dada alinuna, akazunguka nyumba, kisha akarudi: "Haya, baba. Hapo hata mimi nilikuwa najidanganya."

Februari 2021 figo zake zilianza kushindwa. Alipoanza kuunganishwa na mashine hospitalini, alimwandama muuguzi kwa maswali, kisha akatuandikia kurasa nne kuhusu jinsi mashine inavyosafisha damu. Muuguzi alisahihisha jambo moja, akaomba nakala kwa ajili ya wagonjwa wengine. "Sasa siiogopi," dada alituambia. Nasi hofu ikapungua. Alifariki nyumbani, Jumanne asubuhi, Mei 9, 2023, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, ndugu wanne, na wasomaji ambao hatuwezi kuwahesabu. Siku chache kabla hajatutoka aliagiza: "Masomo yangu msiyafunge. Mkikuta kosa, rekebisheni. Msinionee haya eti kwa sababu nimekufa."

Jana msomaji mmoja, ambaye hana habari ya msiba, alituandikia kwamba somo la kumi na saba lina kosa. Binti wa dada amelikagua. Ni kweli. Tumerekebisha.

Asante, dada. Pumzika sasa, na amani ikae nawe.