Bi Shubiri na Kidonge Kitupu

Wasikilizaji wapendwa, wekeni vyombo chini kidogo, mvute viti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeitwa Bi Shubiri. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wagonjwa, kwa sababu dawa yake ilikuwa chungu kama shubiri yenyewe. Naye alilipenda, akalibandika mlangoni mwa ofisi yake.

Bi Shubiri alikuwa mkemia. Alitengeneza dawa ya mmea, dawa ya kupunguza kasi ya kusahau kwa watu ambao kusahau ndiyo kwanza kumewaanza. Narudia, wapendwa: kupunguza kasi, si kuponya. Angenisikia nasema "kuponya," angepiga simu hapa studio anikosoe hewani.

Mmea wenyewe ulitambaa kwenye ukuta wa nyuma wa maabara, karibu na pipa la taka. Watunza bustani waliukata, ukachipua. Wakaukata tena, ukachipua. Bi Shubiri akasema, "King'ang'anizi hivi hakikosi siri." Akauchemsha, akauchuja, akaukausha, miaka nenda miaka rudi, mpaka akapata kidonge.

Likaja jaribio la kwanza. Nusu ya wagonjwa walipewa dawa, nusu wakapewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Rangi moja, umbo moja, ili mtu asijue amepata kipi. Lakini mtaalamu wetu alisahau ladha! Dawa ilikuwa chungu, kile kitupu kitamu kidogo. Sasa waweke watu wazima chumba kimoja cha kusubiria, uwape na chai, halafu utegemee wasionjeshane. Dereva mmoja mstaafu alikuwa akimvunjia jirani yake nusu ya kidonge chake kila wakikutana. Alipoulizwa, akajibu, "Mwenzangu kapewa peremende, mimi nimeze uchungu peke yangu?" Jaribio likaharibika lote. Kazi ikarudi mwanzo.

Bi Shubiri alicheka mpaka akatoa machozi. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea, maana nyumbani kwake muda ulikuwa unakwenda.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Huyo dada ndiye aliyemlea wazazi walipofariki. Siku moja mteja alirudisha shati, kola imeshonwa ndani nje. Fundi wa miaka yote, kola! Dada akaligeuza lile shati mara mbili, akaanza kuifumua kola.

Kwa jaribio la pili, Bi Shubiri alihangaika mpaka kidonge kitupu nacho kikawa kichungu vilevile. Dada akajiandikisha, akapangiwa kidonge chake kwa kura kama wengine wote. Siri ya nani anameza nini ikatunzwa na watu wa ofisi nyingine kabisa. Bi Shubiri hakujua, na hakutaka kujua.

Binti wa dada anatusimulia. "Nilimwambia, 'Mama mdogo, dawa yenyewe iko kabatini kwako. Ufunguo unao wewe. Mama anapotea, mpe!' Akasema, 'Mwanangu, kila anayemeza kidonge changu ana mtu wa kumlilia. Nikimpenyezea dada, nimeharibu tena, na hatutajua kama dawa inafanya kazi.' Nilimnunia karibu mwaka mzima."

Na dada je? Kila asubuhi alikunja uso akisema, "Mdogo wangu, kwa uchungu huu, lazima hii ndiyo yenyewe!" Mdogo wake akageukia dirishani.

Wapendwa, siku ya majibu ilifika. Dawa ilifanya kazi. Walioimeza walizidi kusahau taratibu kuliko wenzao, tena kwa tofauti kubwa. Na dada? Dada alikuwa amemeza kidonge kitupu muda wote.

Bi Shubiri alikwenda mwenyewe kumwambia. Alipiga magoti kando ya cherehani. Dada akamtazama weee, kisha akasema, "Kumbe uchungu wote ule ulikuwa wako tu? Inuka, utachafua sketi." Wakacheka, wakalia, na siku hiyohiyo dada akaanza dawa ya kweli. Yaliyopotea hayakurudi. Yaliyobaki, mengi bado anayo.

Wiki iliyopita Bi Shubiri alianguka maabara, moyo ukasimama. Leo dawa yake inamezwa na watu asiowahi kuwaona, na ule mmea wa ukutani hakuna anayethubutu kuukata.

Tunawapa pole familia, wenzake wa kazi, na dada aliyemlea. Nasi tujiulize: nyumbani mwetu nani anauliza swali lilelile mara mbili, nasi tunamcheka? Tumpeleke hospitali mapema, kungali na cha kuokoa.

Nakuachieni na maneno ya yule binti, tuliyezungumza naye asubuhi.

"Nilikuwa na hofu moja. Nilidhani nitampa mama msiba huu upya kila siku, na kila siku ataupokea kama mgeni. Siku ya pili ya msiba nilimkuta kwenye cherehani, anashona koti jeupe la maabara. Kola imekaa sawasawa. Nikavuta pumzi nimwambie. Akaniinulia mkono. 'Najua,' akasema. 'La mdogo wangu hili, azikwe nalo. Nakumbuka, mwanangu. Usiniambie tena.'"