Mulango ya Bluu Njo Ile Pale

Ku barabara inatoka Sake kupanda Masisi, kuko kona yetu moja yenye hakuna muntu anapitaka bila kuangaliwa viatu. Hapo njo kuko kiti yetu: ubao murefu ya kalitusi juu ya mawe mbili, mbele ya babula, jiko ya makala ya Bibiche, ule mwenye kuuzisha kahawa na mandazi. Bibiche haikalake. Anasema muntu mwenye kuikala hasikie yote. Kuko Papa Damascène, tunamuita Inspekta: alilinda mulango ya masomo miaka makumi mbili, na darasa zote alizimaliza ku dirisha. Kuko Hakorimana mwenye kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, anashushaka viazi Sake na anarudi na chumvi. Ye tunamuita Kilometa, juu ukimuuliza saa anakuanzishia safari. Na kuko miye, mama muzee, Koko wa Maziwa. Jina ile niliipata kwa rafiki yangu Mukantabana. Ye ni mufugaji, miye ni mulimaji wa maharagi. Kila asubui alikuwa ananitumia maziwa mu inkongoro, ile chombo ya muti yenye bafugaji banatunzaka kama mutoto, na miye nilikuwa naileta ku kiti tutie mu kahawa. Sasa ilikuwa siku ya kenda, maziwa hayakuja.

— Nyeusi tena, Bibiche akasema, anamimina. Kahawa inafanana na maji ya kuoshea babula.

— Usiangalie miye, nikasema.

— Tukuangalie nani, Koko? Weye njo bomba ya maziwa.

Inspekta akafuta miwani yake. Miwani ile haina kioo moja, lakini anafutaka zote mbili.

— Tuanze na méthode. Ilikatika lini?

— Tangu kisha sikukuu ya Pasaka. Nilimurudishia chombo yake, nimeisugua mpaka inangaa, na maharagi yangu ndani. Kesho yake, kimya.

— Maharagi ilikuwa na wadudu?

— Inspekta! Miye nimupe Mukantabana maharagi ya wadudu?

— Ninauliza tu. Inaitwa curiosité. Ni kitu ya bantu ya kusoma.

— Kwetu inaitwa shingo refu, nikasema.

Na ni kweli. Mama yangu, Mungu amurehemu, alikuwa ananiita vile nikiwa mutoto, juu nilikuwa nafunua nyungu za bantu. Bado ninasikia sauti yake toka mu shamba: «We Shingo-Refu, toka ku nyungu ya wenyewe!» Lakini bila ile shingo singejuana na Mukantabana. Nilikuja siku moja kuchungulia namna bafugaji banasukaka siagi mu kibuyu, ye akanikamata mu lupango, ile ua ya nyumba yake, akaniambia: «Sasa umeona, njoo usaidie.» Nikasuka mpaka mikono ikakufa. Tangu ile siku tulizaa pamoja, tukazika pamoja. Mara mbili tulikimbia vita pamoja, ye anabeba sufuria yangu ku kichwa, miye ninavuta kamba ya ndama yake. Njo juu ya ile, siku kenda kwangu haikuwa mambo ya kahawa. Lakini ku kiti muntu hasemake vile. Ku kiti unakunywa na unasikiliza.

Kilometa akaweka kopo chini.

— Miye ninajua. Muniache niseme polepole.

— Tumekwisha, Bibiche akasema.

— Mu saa ya asubui, nikipita na chukudu pale kwa Mukantabana, ninaona moshi. Siyo ya kupika. Moshi nyeupe, ya kunuka muzuri. Kila siku! Sasa niambieni, muntu anachoma nini kila siku saa kumi na mbili?

— Nini?

— Fromaji, ile jibini. Anafanya fromaji kwa siri. Sake niliona mama moja anauzisha fromaji kubwa kama tairi ya baiskeli. Nikamuuliza inatoka wapi, akacheka. Muntu mwenye kucheka vile ameficha kitu. Ninawaambia, Mukantabana anafanya moja yenye itakuwa kama tairi ya camion. Ataibilingisha yenyewe toka huku mpaka Goma, bila chukudu! Na miye nitakula nini?

— Fromaji haichomwe, Inspekta akasema. Weye ulisoma wapi?

— Na weye ulisoma wapi? Ku dirisha!

— Dirisha ya première mpaka ya sixième! Sikilizeni. Miezi mbili imepita, balisimamisha ile antenne ya telefone ku kilima. Ngombe za Mukantabana zinakula wapi? Chini ya antenne. Réseau ni kitu inapita mu hewa, sivyo? Na ngombe inavuta hewa, sivyo? Basi maziwa inapanda. Badala ya kushuka mu chuchu, inapanda ku antenne.

— Inaenda wapi?

— Ku bale banapiga simu. Kuko bantu Kinshasa banasikia masikio yao inalowa, na habajue sababu.

Nikacheka mpaka nikashika ubao. Bibiche hakucheka. Akainama, akapunguza sauti, na muntu mwenye kupunguza sauti ku barabara anataka hata camion isikie.

— Nyiye munazunguka. Miye niliona mwanaume.

— Wapi?

— Kwa Mukantabana. Mara mbili. Kofia, koti, na mufuko murefu ku bega. Niliuliza dereva wa pikipiki mwenye alimuleta, akasema ni muntu wa Bweremana.

— Bweremana, ku ziwa! Kilometa akaruka. Muvuvi!

— Ni fiancé, muchumba yake, Bibiche akasema. Maziwa yote anakunywa ye.

— Mukantabana iko na miaka makumi saba!

— Kwani mapendo inaombaka carte d'identité?

— Na mu mufuko kulikuwa nini?

— Sambaza. Ya dot. Atalipa mahari na samaki.

Inspekta akanyanyua kidole.

— Ao antenne ya kidogo. Mufuko murefu, mumesikia? Ni ingénieur wa réseau. Anakuja kupima ngombe.

— Ni fiancé na ni ingénieur, Kilometa akasema, anaunganisha. Njo ataoa Mukantabana, ngombe zitakuwa za antenne, fromaji itapita mu simu, na miye na chukudu yangu tutabakia hapa tunaangaliana!

Akakuwa na hasira ya kweli. Tukamupa andazi.

Pale pale akafika ule bibi mupya wa jirani yetu Manzi, Natacha, aliyeolewa hapa juma mbili zilizopita, anatoka Ntoto, huko Walikale. Alikuja kununua mandazi tano. Alisimama na sahani yake, anasikiliza na adabu, kama muntu ameingia mu misa katikati.

— Mama Bibiche, samahani. Huyu Mama Mukantabana munamusemea, amehama?

— Hapana, mutoto. Mulango ya bluu njo ile pale.

Tukamuonyesha sote, mikono ine kwa mara moja. Toka ku kiti mpaka kwa mulango, ni kama hatua makumi sita. Kuku ya Mukantabana anakujaka kula bichembe bya mandazi yetu.

Natacha akaangalia mulango. Akatuangalia.

— Na nani alienda kumuuliza?

Mama yangu!  Kilometa akaanza kukaza kamba ya chukudu yenye ilikuwa imekazwa tangu jana. Bibiche akainua termosi, akatikisa.

— Kahawa imeisha, akasema.

Inspekta peke yake akajaribu.

— Mutoto, ukienda kuuliza, unaharibu recherche, uchunguzi yetu.

Lakini miye macho yangu ilibaki ku mulango ya bluu. Siku kenda nilikuwa nachungulia mu lupango ya rafiki yangu asubui na jioni. Ninajua anaanika nguo gani. Ninajua ndama amekonda. Shingo yangu ilienda kila siku, miguu haikuenda. Na sababu ninaijua: niliogopa anipe jibu. Nikafunga kitenge, nikaenda. Nyuma yangu nikasikia ubao inalia, bote bamesimama kuangalia.

Nikabisha. Akafungua mbio, kama muntu aliyekuwa amesimama nyuma ya mulango.

— Umekuja, akasema.

— Nimekuja kuuliza. Nilikukosea nini?

 Akaingia, akatoka na inkongoro yake ya zamani, akanitia ku pua.

Ee Yezu. Maua! Ile sabuni ya unga ya kunuka maua, binti yangu aliniletea toka Goma. Miaka yote nilikuwa nasuuza ile chombo na maji tu. Pasaka ile nikasema acha nimuheshimu rafiki yangu, nikasugua na sabuni na muchanga mpaka jasho. Kwetu balimaji, kurudishia muntu chombo inangaa njo heshima. Lakini kwa bafugaji chombo ya maziwa inaoshwa na maji ya moto na majani, na inafukizwa moshi. Muti inakunywaka. Ikikunywa sabuni, haitemi.

— Maziwa ya kwanza ikaharibika, akasema. Ya pili, ikanuka kama harusi. Nimeifukiza siku kenda, dada, kila asubui. Bado maua.

Moshi nyeupe ya Kilometa.

— Juu ya nini hukuniambia?

— Nilifikiri umenisema. Kwamba chombo ya wafugaji inanuka, njo umeisugua. Nikasema ngoja aje aseme mwenyewe. Haukukuja. Nilikuona tu ku lupango unachungulia.

— Na weye uliniona vipi?

— Nilikuwa nakuchungulia.

Tukaangaliana. Ye njo alianza kucheka, na Mukantabana akicheka anashikaka muntu ku bega, mpaka sasa bega inaniuma. Kisha akaingia tena, akatoka na inkongoro mupya, nyeupe, bado inanuka muti.

— Ile ya maua itakuwa yako, utiemo maharagi. Hii niliichongesha kwa fundi mumoja wa Bweremana. Alikuja kupima, akarudi kuileta. Tangu juzi inafukizwa, nilikuwa sijue namna ya kukutumia. Na ukiipeleka ku sabuni, nitakuvunja mikono.

Kesho asubui nikafika ku kiti na maziwa. Bote tatu walikuwa pale mbele ya jua, hata Kilometa alikuwa amesahau viazi. Natacha naye alikuja na kopo yake.

— Koko! Alisema nini?

— Ni fromaji?

— Ni antenne, sema tu!

— Ule mwanaume, Koko, ule mwanaume!

Nikamiminia Natacha maziwa. Nikajimiminia. Nikapuliza.

— Mulango ya bluu njo ile pale, nikasema. Muende mumuulize.

Baliangaliana. Bibiche akaacha mandazi mu mafuta, Inspekta akavaa miwani, Kilometa akasukuma chukudu sijui ya nini, na bote tatu bakateremuka wanasukumana, kila mumoja anataka kubisha wa kwanza.

Natacha akageuza mandazi. Kahawa ilikuwa muzuri. Tulikunywa yote.