Theodora Mughwai, Aliyefua Mashuka ya Bweni

Siku ile, Jumamosi ya tarehe 17 Septemba 2011, bwenini walikuwepo Aneth, Rebeka, Lucy, Yustina, Magreth na Elifrida, wote wanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwepo mlinzi wa shule mzee Melkizedeki, alikuwepo marehemu dada yangu Theodora, na nilikuwepo mimi Redempta, mdogo wake, nikiwa darasa la sita.

Baba Mchungaji, baba mkubwa Leonard, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji, najua historia ya marehemu huanza na kuzaliwa, na kuzaliwa nitakufikia, ila familia imeniruhusu nianze na majina hayo kwa sababu tangu Ijumaa tulipoketi hapa Unyambwa siku ile imesimuliwa tena na tena na wenzake aliosoma nao, nayo imesimuliwa kwa kicheko. Jana mtoto wa marehemu, Belinda, mwenye miaka tisa, akisoma maandishi ya fulana walizochapisha kwa ajili ya msiba huu, aliniuliza, "Mama mdogo, Zizi ni nani?" Sikumjibu, nilitaka ajibiwe hapa, mbele ya watu, mama yake akiwa bado hajafunikwa na udongo. Wenzake walikuwa wameandaa maneno yao ya kusoma, nasi tulishukuru, kwa kuwa wao wana elimu na mimi niliishia darasa la saba, lakini baba mkubwa alisema, "Wasomi wameandika, sawa, ila asome aliyemwosha." Ndiyo maana nimesimama mimi, na mwanangu akilia hapa mgongoni mnivumilie.

Marehemu Theodora Mughwai alizaliwa tarehe 14 Machi 1994 katika kijiji cha Kinyangiri, ambacho sasa kiko wilaya ya Mkalama, akiwa mtoto wa pili wa mzee wetu Mughwai na mama yetu Elisifa, wakulima wa mtama na alizeti na wafugaji wa ng'ombe. Alisoma shule ya msingi pale kijijini kuanzia mwaka 2002 hadi 2008, akafaulu, na mwaka 2009 akaanza sekondari ya kata. Kwa kuwa kaka yetu alikuwa amekwenda Itigi kutafuta kazi, kukamua kulimwangukia Theodora, hivyo kwa miaka miwili ya mwanzo aliamka, akakamua, akawafungulia ndama, kisha akaenda shuleni kwa miguu, na alipofika getini alinawa miguu kwa kopo la maji kabla ya kuingia darasani. Wiki ya kwanza tu wenzake walisema anakuja na zizi mwilini, wakamwita Zizi, na jina hilo halikumtoka, hata alipohamia bwenini kidato cha tatu na kuacha kukamua, hata alipozaa, na leo limeandikwa kwa herufi kubwa kifuani mwa watu walioketi upande huu wa kushoto, "Pumzika Zizi Wetu."

Sisemi kwamba darasa lile halikuwa na mema. Juzi walitusimulia jinsi walivyokuwa wakiwaengua wadudu wa maharage kwa kijiko na kuwapanga pembeni mwa sahani kama askari wa gwaride, tukacheka wote, hata mama alicheka, na nilifurahi kumwona mama akicheka. Walitusimulia jinsi walivyobebana kwenda mahafali mvua iliponyesha, na jinsi Theodora alivyoimba sauti ya pili kwaya ya shule. Ningependa wangeishia hapo. Lakini dada Aneth, ambaye ndiye mwenyekiti wao, akajipiga kofi pajani akasema, "Mnakumbuka bweni lilivyonuka, mpaka tukamhamishia Zizi mlangoni? Jamani, yule dada alikuwa zizi na ng'ombe wake humo humo!" Wakacheka, mwingine akadakia, "Ng'ombe na ndama!" wakacheka tena, na mwili wa marehemu ulikuwa bado mochwari. Mimi nimezoea uchafu, nina mtoto mdogo na nimeuguza, lakini kicheko kile kilinichefua, nikatoka nikatapika nyuma ya tenki la maji, wala haikuwa mimba kama shangazi alivyonitania.

Sasa nieleze jinsi ilivyokuwa. Ijumaa ya kuamkia siku ile ya Septemba, wasichana sita niliowataja walinunua nyama kwa mtu aliyepita nyuma ya uzio, bei ya chini, nayo ilikuwa nyama ya kibudu, ng'ombe aliyejifia mwenyewe kwa ugonjwa, lakini hawakujua. Walipika kwa siri nyuma ya bweni, wakala wote sita, na marehemu hawakumkaribisha, walimwambia asogee mbali kwa sababu harufu yake ingewaharibia chakula. Kwa hiyo alilala na njaa, na kwa hiyo asubuhi yeye peke yake ndiye aliyeweza kusimama. Matroni alikuwa amekwenda kwao msibani, wavulana walikuwa upande wa pili wa mto wakichanja kuni za shule, na mimi nilifika na kibuyu cha maziwa kama kila Jumamosi, nikalikuta bweni katika hali ambayo mbele ya wazee siwezi kuieleza yote, niseme tu kwamba wagonjwa walikuwa wanatapika na kuendesha bila kuweza kufika chooni, kwenye mashuka, kwenye sakafu, juu ya madaftari, na nzi walikuwa wameshajua.

Mimi kwa utoto nilifanya kama watu wengi wanavyofanya wakikutana na harufu mbaya, nikageuka nikatema mate. Dada akanishika bega, hakunipiga, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usiteme mate, Redempta, mgonjwa akisikia umetema mate anaona ameshakufa." Kisha akanipa ndoo. Kisima kilikuwa kimepungua kwa kiangazi, maji tuliyachota kwa kusubiri yajikusanye, mzee Melkizedeki akatoa kuni zake mwenyewe na chumvi na sukari ya chai yake, akasema, "Chukueni binti zangu, mimi chai nitakunywa kavu," akapanda baiskeli kumfuata muuguzi, akarudi jioni bila kumpata. Marehemu aliwanywesha mmoja mmoja, akawaosha mmoja mmoja, akawavisha nguo zake mwenyewe zilipokwisha za kwao, akafua mashuka yote kwa majivu kwa kuwa sabuni ilikuwa imekwisha, na katika wote sita nakumbuka Rebeka, ambaye ndiye aliyekuwa hoi kuliko wengine, kila kikombe kilipogusa midomo yake alisema asante.

Jumatatu matroni alirudi, harufu ilikuwa bado imeshika kwenye magodoro, akauliza nini kinanuka, na mmoja wao akajibu, "Si Zizi huyo, matroni." Wengine walinyamaza. Kitanda cha marehemu kikahamishiwa mlangoni, na hapo ndipo alipolala hadi anamaliza kidato cha nne mwaka 2012, na wenyeji wa Singida mnaujua upepo wetu wa Juni na Julai. Nilimuuliza kwa nini hasemi, akaniambia, "Nikisema, wataona aibu ya kuoshwa, na aibu ya kuoshwa ni kubwa kuliko ya kunuka." Sikumwelewa. Nimemwelewa mwaka huu nilipokuwa namwosha yeye.

Baada ya shule alikuja Singida mjini, na kuanzia Februari 2013 alifanya kazi ya usafi wa wodi katika kituo kimoja cha afya, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomzuia, na wenzake wa kazini waliopo hapa wamenieleza kwamba wagonjwa walimwita kwa jina lake lote, Theodora. Tarehe 25 Julai 2015 alifunga ndoa na shemeji yetu Simoni, fundi baiskeli na pikipiki hapa Unyambwa, wakajaliwa watoto wawili, Belinda aliyezaliwa mwaka 2016 na Stanley aliyezaliwa mwaka 2019. Shemeji Simoni ni mtu wa maneno machache, lakini katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kumsikia akimwita mkewe kwa jina lolote ambalo mwenyewe hakulipenda, na mkewe alipougua alinyonyoa kuku, akaisaga nyama, akamlisha kwa kijiko cha mtoto.

Ugonjwa ulianza Januari 2024, ikagundulika ni saratani ya mlango wa kizazi, akatibiwa hapa mkoani, akapelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, akapata nafuu, ukarudi. Akina mama mlioko hapa nawaomba mkapimwe mapema, yeye alichelewa. Ni ugonjwa unaotoa harufu, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu harufu ya mgonjwa si tabia yake. Mwezi Juni mwaka huu wenzake wa darasa walikuja kumwona, tulishukuru, walileta matunda, lakini walisimama mlangoni na vitambaa puani, wakapiga picha ya pamoja wakiwa wamemgeuzia mgongo kitandani ili naye aonekane, wakatoka. Nilikuwa nawafuata na sinia la chai ambalo hawakuligusa, nikamsikia dada Aneth pale chini ya dirisha akisema, "Kumbe Zizi ni Zizi tu," kisha akatema mate. Dirisha lilikuwa wazi. Niliporudi ndani marehemu alikuwa amegeukia ukutani, na tangu siku hiyo alikataa wageni, hata waliompenda, akinituma niwaambie amelala. Miezi minne ya mwisho ya maisha yake watu hawakuingia kwa sababu ya mate yale. Mmoja tu alirudi siku ileile, Rebeka, aliteremka kwenye gari lao, hakuomba ruhusa, akaniuliza beseni liko wapi, akamwosha miguu dada yangu na kumkata kucha, akaondoka kwa bodaboda.

Marehemu Theodora alifariki hapa nyumbani asubuhi ya Ijumaa tarehe 17 Oktoba 2025, akiwa na miaka thelathini na moja, mkono wake ukiwa mkononi mwa Simoni.

Belinda, mwanangu, Zizi hakuwahi kuwepo. Bweni lilinuka kwa walioumwa, na mama yako ndiye aliyelisafisha. Usiwachukie, yeye hakuwachukia. Mimi najitahidi, na leo sijaweza, bado nasikia kinyaa.

Familia haimfukuzi mtu msibani, na hatutaanza leo. Mliosoma naye mmeomba kubeba jeneza, baba mkubwa amekubali, ila ana ombi moja, nami namsomea kama alivyolisema: "Wanangu, geuzeni fulana ndani nje kabla hamjamshika binti yangu. Mtoto wake anajua kusoma."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa mkoani na wa Dar es Salaam, tunawashukuru wafanyakazi wenzake ambao waligawana zamu zake bila yeye kuomba, majirani wa Unyambwa, Wakristo na Waislamu, hasa mama Zaituni aliyekuwa akichukua mashuka yetu alfajiri na kuyarudisha jioni yamekauka na kukunjwa, na hakuwahi kuuliza yametokana na nini. Tunamshukuru mzee Melkizedeki, ambaye amekuja kutoka Kinyangiri kwa basi na fimbo yake, yule pale nyuma, mpisheni kiti cha mbele. Tunamshukuru dada Rebeka, ambaye tangu juzi yuko jikoni na hakuvaa fulana.

Lala sasa, dada Theodora, lala katikati ya chumba, si mlangoni, Mungu akupokee kwa jina lako.

Wasichana sita niliowataja mwanzoni walipona wote, na mwaka uliofuata wote walifanya mtihani wa kidato cha nne.